Bonde la Ufa nimelifundisha kwa unga wa sembe

Kila niliyemuuliza nifundisheje volkano darasa la tano alinijibu siki na bekingi soda, siki na bekingi soda, kama wote walikaa kikao kimoja. Haya, nikafanya. Tukafinyanga mlima wa udongo nje ya darasa, bekingi soda sikuipata dukani nikatwanga magadi, nayo yanatoa povu vilevile. Watoto wakapiga kelele dakika moja, afu mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani ndani ya Meru kuna siki?" Nikakosa jibu. Na mlima wenyewe ulishalainika, ukaporomoka kwenye viatu vya mwalimu mwenzangu aliyekuja kushangaa, mpaka leo ananiita Madam Volkano.

Wiki iliyofuata nikahamia Bonde la Ufa, si tuko Arusha jamani, liko hapo tu. Unatandika manila mbili (yale makaratasi magumu ya chati) mezani zikutane katikati, juu mchanga, afu watoto wawili wavute kila mmoja upande wake. Nikajaribu kwanza nyumbani. Mchanga mkavu ukamiminika tu, nikaulowesha ukakatika mapande mawili kama mkate, katikati naona meza. Saa tano usiku bado niko jikoni, mume wangu anapita anatingisha kichwa. Kumbe dawa ilikuwa kwenye ndoo ya unga! Tabaka la sembe, mchanga kiduchu, sembe tena, shindilia kidogo na rula. Vuta taratiiibu, katikati panazama, pembeni kuta zinabaki zimesimama na mistari ya mchanga imekatika, wa huku uko juu wa kule uko chini. Unga kilo mbili hivi, elfu tatu nne sijui, na uwe mkali maana wanalamba.

Darasani binti mmoja wa Mto wa Mbu, ambaye huwa hasemi kitu, akagusa ule ukuta akasema, "Huu si ndo tunaupanda tukienda Karatu?" Nilitamani kulia.

Magadi nayo sikuyatupa. Nikawaambia ile volkano yetu ya Ol Doinyo Lengai inatoa lava ya jamii hiyo hiyo, nyeusi, nyepesi kama oili, joto lake nyuzi 500 na kitu tu wakati lava nyingine zinafika 1,000 na zaidi, na baada ya muda inageuka nyeupe. Hawakuamini hadi nikapitisha bonge la magadi mkono kwa mkono. Kesho yake kila mtu kaja na lake, na jioni mama mmoja akanipigia, "Mwalimu samahani, hivi magadi yangu ya maharage mmeyapeleka wapi?"