Mama Aliuliza Maji Yatarudi Lini

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilipanda basi kurudi nyumbani Musoma nikiwa bado sijapata mada ya mradi wa uchambuzi wa data. Masharti yalikuwa wazi: mada ihusu mazingira, na data iwe ya kweli, inayopatikana bure, ili mtu mwingine akitaka kurudia hesabu zako aweze. Mengine tuliachiwa wenyewe.

Moyo wangu ulikuwa kwenye barafu ya Kilimanjaro. Nilikuwa nimesoma kwamba karibu asilimia 85 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2011, na habari ile iliniuma kweli. Nikamwandikia msimamizi wangu. Hakukataa, aliuliza tu: "Kwenye jedwali lako, mstari mmoja ni nini?"

Nililala na swali hilo. Mstari mmoja ungekuwa mwaka ambao barafu ilipimwa na kuchorewa ramani: 1912, 1953, 1976, 1989, 2000, na vipimo vichache vya baadaye. Nukta chache namna hiyo zinatosha kuonyesha msiba, ila kwa mwanafunzi anayetakiwa kuchambua hazitoshi. Nikahamia kwenye mifuko ya plastiki, kwa kuwa katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019 na ningeweza kulinganisha kabla na baada. Lakini nani alihesabu mifuko kwenye mitaro yetu kabla ya siku hiyo? Sikumpata. Hewa ya Dar es Salaam nayo ikaishia hapo hapo. Kila mada niliyoipenda niliipitisha kwenye swali lile la mstari mmoja, na kila moja ikakwama.

Wakati huo Ziwa Victoria lilikuwa linapanda. Mama anauza dagaa, na sehemu aliyokuwa akianikia, pale mchangani karibu na mwalo, ilikuwa imeshamezwa. Vichanja vya mbele vilibaki miguu tu ndani ya maji, magugumaji yamejisokota kwenye miti yake. Wanawake walisogea nyuma, wakabanana na kugombania nafasi. Mwaloni kila mtu alikuwa na maelezo yake, na lililosemwa zaidi ni kwamba Uganda wamefunga maji kule Jinja, kwenye mabwawa ya umeme pale Nile inapotoka ziwani.

Babu alikuwa haamini. "Mwaka wa Uhuru ziwa lilipanda hivi hivi," alisema. "Mvua zilianza kabla ya sherehe, hazikukatika. Sisi tulihama."

Nilimwamini babu, lakini nilitaka kuona. Usiku, bando linapokuwa la bei nafuu, nikaanza kutafuta, na hapo nikakutana na kitu ambacho sikujua kipo: setilaiti zinazopima usawa wa maji ya maziwa kutoka angani. Setilaiti inatuma mawimbi ya rada chini, yanagonga uso wa maji na kurudi, na muda wa safari hiyo ndio unaopigiwa hesabu ya urefu. TOPEX/Poseidon ilirushwa mwaka 1992, zikafuata Jason zilizopita njia ile ile, kila baada ya siku kama 10. Faili lenyewe lilikuwa dogo kuliko picha ya simu. Mstari mmoja: tarehe, na usawa wa maji ya Ziwa Victoria siku hiyo. Mstari wa pili vivyo hivyo, na kuendelea, karibu miaka 28.

Nikachora grafu pale pale kitandani. Ziwa lilipanda ghafla baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Likashuka hadi shimo la 2006, mwaka ambao ukame ulikutana na mabwawa ya Jinja kuachia maji kupita kiwango kilichokubaliwa. Kisha mwishoni mwa 2019 mstari ukanyanyuka kama ngazi. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Maji yale ya 1964 ndiyo ya babu: mvua zilianza 1961, na ziwa likapanda takriban mita mbili na nusu. Setilaiti hizi hazikuwepo, ila usawa wa maji ya ziwa umekuwa ukipimwa tangu 1896.

Kilichonikamata zaidi ni miaka yenyewe. Mwaka 1961, 1997 na 2019, mara zote tatu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, na vuli ikamwagika Afrika Mashariki. Ziwa hili hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile. Kwa hiyo swali langu likapata umbo: tofauti ya joto la bahari wakati wa vuli inaeleza kiasi gani cha kupanda kwa ziwa miezi inayofuata? Data ya joto la bahari nayo ilikuwepo, bure, mwezi kwa mwezi.

Nilimtumia msimamizi kichwa cha mada pamoja na grafu. Akajibu siku hiyo hiyo: endelea, ila usiyasahau mabwawa, kwa sababu shimo la 2006 halielezeki kwa mvua peke yake. Alikuwa sahihi, na sehemu hiyo ndiyo iliyonipa kazi ngumu kuliko zote.

Kabla sijarudi chuoni nilimwonyesha mama grafu ile kwenye simu. Hakuuliza habari za Bahari ya Hindi. Aliuliza, "Sasa mwanangu, maji yatarudi lini?" Nikamweleza kilichoonekana kwenye vipimo: baada ya 1964 ziwa lilishuka polepole mno, na ilichukua kama miaka 40 kurudi pale lilipokuwa kabla ya mvua za Uhuru. Akaitazama simu, akanirudishia. "Basi tusisubiri," alisema, na wiki ile ile akaenda kuulizia kiwanja cha kukodi juu, upande wa barabara.