Ulimi wa Baba na ngozi ya mkono

"Mzee, zabibu unazipogoa kwa mkono upi?" Daktari alipomuuliza Baba hivyo, sisi wanawe tulitazamana. Baba ni mkulima wa Hombolo, na mkasi anaushika kwa kushoto. Basi ikaamuliwa ngozi ya kuzibia ulimi wake itatoka mkono wa kulia.

Tangu tulipoambiwa ni saratani ya ulimi, ndugu walikuwa wanauliza jambo moja tu: atakatwa au hatakatwa? Mimi sasa nawasihi waulize pia pengo la ulimi litazibwa kwa kitu gani, maana hapo ndipo penye kula na kusema kwake.

Uvimbe ukiwa mdogo, kingo za kidonda hushonwa pamoja, basi. Baba alikuwa anapoteza karibu nusu ya ulimi. Kwa pengo kama lake huchukuliwa ngozi ya upande wa ndani wa mkono, karibu na kiganja, pamoja na mishipa yake ya damu, kisha mishipa hiyo huunganishwa na ya shingoni chini ya darubini. Ngozi ya hapo ni nyembamba na laini, haiuzuii ulimi uliobaki kucheza. Ulimi ukiondoka karibu wote, nyama ya paja hufaa zaidi, kwa sababu panahitajika unene wa kufikia kaakaa. Na pasipo na darubini wala mtaalamu wake, msuli wa kifua hupandishwa chini ya ngozi ya shingo ukiwa bado kwenye mishipa yake. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1979 na mpaka leo inaokoa watu, mtu asiidharau.

Kabla ya yote, daktari alimwambia Baba akunje ngumi, akabana mishipa miwili ya mkono, kisha akaachia mmoja. Kiganja kilichopauka kikarudisha wekundu wake. Ndipo tukajua mkono utaishi hata mshipa mwingine ukiondolewa.

Siku za kwanza zilikuwa nzito. Alipumua kwa tundu la kooni, akalishwa kwa mpira wa puani. Usiku kucha wauguzi walimmulika mdomoni kwa tochi: kipande cha ngozi kilichopandikizwa kikigeuka bluu au kikipauka, anarudishwa chumba cha upasuaji papo hapo. Nawashukuru sana wale dada.

Kipande kile hakina ladha, wala hakijisogezi chenyewe. Kinabebwa na nusu iliyobaki. "Mama" na "baba" vinatoka vizuri kwa kuwa ni kazi ya midomo. "Dodoma" bado inamshinda, lakini hakosi mazoezi ya kutamka. Alianza na uji mzito, sasa anameza ugali laini kwa mlenda, na mlenda unateleza vizuri kuliko mboga yoyote tuliyompa.

Kinachofuata ni mionzi. Meno mabovu ameshang'olewa, kwa sababu taya likishapigwa mionzi, kidonda cha jino hupona kwa shida sana.