Siku moja maabara: swabu za vidonda na simu za kliniki

Saa mbili asubuhi. Kusoma joto la friji, kufuta meza kwa klorini, kupanga kontroli (sampuli za kuhakiki kipimo, ambazo jibu lake tunalijua). Hakuna anayeona kazi hii.

Saa tatu, sampuli za kupima herpesi (virusi vya HSV) zinaingia. Tunachotaka ni swabu ya poliesta yenye kijiti cha plastiki, iliyosuguliwa kwenye kitako cha kidonda kibichi (lengelenge zima hupasuliwa kwanza), ikae kwenye maji ya kusafirishia virusi, nyuzi 2 hadi 8. Kijiti cha mbao kinaweza kuizuia PCR, kipimo kinachonakili DNA ya virusi mpaka ionekane. Swabu iliyogusa gaga kavu ikitoka hasi, usiiamini.

Saa nne, simu. Daktari ametuma damu peke yake: mgonjwa anaishi na VVU, ana kidonda sehemu za siri wiki ya tano sasa, apimwe IgG (kingamwili za kudumu) ya HSV-2, aina ya pili ya virusi vya herpesi. Daktari, damu hii haitakujibu. Wengi wanaoishi na VVU wanazo tayari kingamwili hizo. Chanya itakuambia virusi vimo mwilini, si kwamba ndivyo vilivyotoboa ngozi. Huenda ni kaswende. “Basi nipimie IgM.” Hiyo, kingamwili ya mwanzo, nayo haitenganishi maambukizi mapya na yanayojirudia. Anasema mgonjwa ameshaondoka. Aitwe! Kidonda cha herpesi kinachopita mwezi kwa mwenye VVU, WHO inakiweka hatua ya 4 ya ugonjwa wa VVU, iliyo kali kuliko zote, kwa hiyo jibu hili linabadilisha faili zima. Simu inakatwa chai imeshapoa, ila swabu imeahidiwa, pamoja na kipimo cha kaswende.

Mchana ni kutoa DNA na kuchanganya vitendanishi katika chumba cha peke yake. Koti la chumba cha mashine haliingii humo. Kisha mizunguko 40 ya PCR. Kontroli ya ndani (inayowekwa ndani ya kila sampuli) ikigoma, mara nyingi damu au usaha umezuia: zimua 1 kwa 10, rudia. Kontroli hasi (isiyo na virusi) ikipanda, yaani ikisoma chanya, tupa zote, anza upya, hata kama miguu inawaka moto.

Jioni tena, chanya ya mgonjwa anayemeza asaiklovia, dawa ya herpesi, bila nafuu. PCR ya kawaida haionyeshi usugu wa virusi kwa dawa. Virusi lazima vioteshwe vikiwa hai ndipo vijaribiwe na dawa, kwa hiyo swabu isiyooteshwa ndani ya saa 48 inakwenda friza ya -70. Ukiiweka kwenye -20 kwa sababu ndiyo iliyo karibu, PCR bado itasoma chanya, lakini virusi vya kuotesha huvipati.