Kwenda Dodoma kwa Treni, Kupitia Mkondoa

Nilipokata tiketi ya treni ya umeme Dar es Salaam niliomba kiti cha dirishani kwa sababu moja tu: nilitaka kuuona mto Mkondoa.

Wanaosimulia habari za treni ya Dodoma huanza na Wajerumani, na si vibaya. Ujenzi ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Morogoro 1907 na Dodoma 1910, ikaendelea Tabora, kisha Kigoma mwaka 1914. Lakini kwa maoni yangu, mwenye kauli kubwa katika stesheni ya Dodoma amekuwa huo mto. Reli ya zamani inafuata bonde lake kati ya Kilosa na Gulwe. Mvua zikizidi, maji hula tuta na mataruma yanayobeba reli hubaki yananing'inia.

Mpaka Morogoro hakuna la kusimulia. Treni inafika kilomita 160 kwa saa, nusu ya behewa wamelala, wengine wanapiga picha kioo.

Baada ya Kilosa likaja giza. Mahandaki ya huku ni manne, jumla yake kama kilomita 2.6, na yalichimbwa ili reli mpya ikwepe mafuriko. Mzee wa kiti cha pili, mtu wa Urambo, mkoani Tabora, akacheka peke yake.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hapa sisi tulikuwa tunapita kwa dua."

Akanisimulia mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009. Reli ilisombwa, na kwa miezi kadhaa abiria wa Kigoma na Mwanza wakawa wanapandishwa mabasi Dar es Salaam hadi Dodoma, ndiko waikute treni. Stesheni ya kupita njia ikageuka mwanzo wa safari. Mzee alilala pale usiku mzima, begi ndiyo mto wa kulalia, katikati ya magunia na watoto wa watu. Anasimulia kwa raha, sijui kwa nini. Labda kwa vile alifika.

Tulipokaribia Igandu alinyamaza. Nami sikuuliza, maana jina hilo Watanzania wa umri wangu tunalijua. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa kushika breki mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Leo Igandu ina stesheni ya reli mpya. Yetu haikusimama, na jina likapita dirishani kabla sijamaliza kulisoma.

Dodoma stesheni mpya iko Mkonze, nje kidogo ya mji. Ni kubwa na inang'aa, ila mimi nilichukua bajaji moja kwa moja hadi ile ya zamani katikati ya mji. Inashangaza ilivyo ya kawaida. Mkabala wake ipo New Dodoma Hotel, iliyokuwa Railway Hotel enzi hizo, na ukisimama kati ya majengo hayo mawili unaelewa mji ulivyojipanga: aliyeshuka kwenye behewa alivuka barabara tu, akapata kitanda. Barabara kuu ya kaskazini–kusini nayo inakatiza reli mjini humu, kwa hiyo Dodoma ilikuwa njiapanda muda mrefu kabla ya kutangazwa makao makuu mwaka 1973.

Huduma ya treni ya umeme ilifika hapa Julai 2024, na nilipopita ilikuwa inaishia hapa hapa, ujenzi ukiendelea kuelekea Tabora. Safari hii Mkondoa hauna lawama, lakini Dodoma imekuwa tena mahali pa kushuka na kutafuta usafiri mwingine. Mzee wangu wa Urambo hakuwa na muda wa falsafa hiyo. Tulipoagana Mkonze alikuwa tayari anauliza basi la Tabora linapatikana wapi, na kama bado kuna nafasi.