Siku moja na boti ya alumini: nimemtukana fundi aliyepita, kumbe ni mimi

Saa 12 asubuhi
Bado giza giza nishafika kwenye boti. Ni ya mita 4 na kidogo, alumini, ile ya kuungwa kwa riveti (pini fupi zinazogongwa ncha kubana bati), mjomba alivulia samaki miaka kibao halafu ikakaa juu ya trela mpaka ikageuka chombo cha kukusanyia majani. Rangi tulimaliza kuikwangua jana. Leo kazi ya kwanza ni kujua inavuja wapi, na hapa ndo wengi wanapoharibu, mtu anapakaza silikoni kila mshono halafu anamwachia Mungu. Mimi namwaga maji ndani, mdogo wangu anakaa chini anachungulia. Ila sio ujaze mpaka juu jamani! Lita 1 ya maji ni kilo 1, ukimwaga lita 300 umeibebesha kilo 300 boti ambayo imezoea kushikwa na maji kutoka chini mwili mzima, sio kukalia vyuma viwili vya trela. Tumeweka magogo chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, tukamwaga kidogo, tukasubiri, tukaongeza.

Saa 1 na nusu
Chaki haishiki kwenye bati lililolowa, tumehamia makapeni. Shida ya tone ni kwamba linaning'inia pale lilipochoka kutembea, sio pale lilipotokea. Unafuta kwa kitambaa, unabana pumzi, unaangalia riveti moja moja. Mwisho tumehesabu 17, karibu zote upande wa mbele chini, kule boti inakopigwa na mawimbi kila siku mpaka bati linacheza na riveti zinalegea.

Saa 3
Kugonga riveti ni kazi ya watu wawili na inataka muelewane. Dogo yuko nje amekandamiza chuma kizito kwenye kichwa cha riveti, mimi ndani nagonga mkia wake kwa nyundo ndogo. Hugongi kwa hasira. Riveti iliyolegea inatoa sauti ya kopo bovu, unaipa vidogo vitatu vinne na ghafla sauti inabadilika inakuwa kavu, ya kitu kimoja, hapo unaacha. Ukizidisha unalitandaza bati la pembeni na tundu linapanuka, umejiongezea kazi. 12 zimekubali. 5 zimekataa, hizo tumetoboa kichwa kwa drili, tukazing'oa, tukaweka mpya za alumini zisizo na tundu ndani, saizi moja zaidi, zimechovywa kwenye gundi ya boti kabla ya kuingia. Zile riveti za kawaida za kubana kwa kifaa kama bunduki zina tundu katikati, maji yanapita humohumo, kama huna namna tumia zile zilizozibwa mwisho.

Saa 5
Tumefungua benchi la kati kutoa foma, lile povu gumu la kuelesha boti. Jamani. Kipande ambacho kikavu ungekibeba kwa vidole viwili tumekishika watu wawili, kimekunywa maji miaka yote hiyo. Ndo maana mjomba alikuwa analalamika injini imechoka, kumbe alikuwa anazunguka na abiria asiyemuona. Foma mpya lazima irudi lakini, hiyo ndo inaiacha boti ielee hata ikijaa maji.

Saa 6 mchana
Haya, shetri, pale injini inapofungwa. Nimeona ubao umefungwa kwa skrubu za chuma, zimeota kutu, zimezungukwa na unga mweupe, nikaanza kumponda fundi aliyefanya ile kazi, nimemponda vizuri tu, nimemuita majina. Tumeng'oa ubao. Ubao mzima kabisa! Mbao ya dawa, ile ya kijani, haina hata doa la kuoza. Nyuma yake bati limeliwa, vishimo kama vya sindano, nimeweka tochi upande wa pili mwanga ukapita.

Dogo akauchunguza ule ubao akasema, "Kaka, si huu uliweka wewe?"

Nikakumbuka. Miaka 8 nyuma, mimi mwenyewe, na nilijisifia kabisa kwamba nimeweka mbao isiyooza. Nilichokuwa sijui ni kwamba dawa nyingi za hizo mbao zina shaba, na shaba na alumini zikikutana kwenye unyevu zinakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Maji ya chumvi ndo yanaharakisha kabisa. Skrubu za chuma nazo mchezo uleule, taratibu zaidi. Na hizo mbao msizichome moto, moshi wake ni sumu.

Saa 8
Dogo bado anacheka. Tumekata plaiwudi ya boti vipande viwili vya milimita 18, tukavigundisha kwa epoksi, ubao wa zamani ndo umekuwa kipimo, angalau umefaa kitu. Baada ya hapo epoksi mikono mitatu, na kingoni unapaka bila huruma maana maji huwa yanaingilia kwenye ncha za nyuzi za mbao, sio usoni. Kila tundu la bolti nalitoboa kubwa, nalijaza epoksi, kesho nalitoboa tena katikati kwa saizi yake, bolti isigusane na mbao kabisa.

Saa 9 na nusu
Kiraka cha yale matundu ya shetri. Kuna aliyenishauri nichomelee, hapana. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi ila ile ngozi yake ya juu, oksaidi inayojitengeneza ikikutana na hewa, inataka zaidi ya 2000, kwa bati jembamba lililochoka unaweza kutoboa kabla hujaunga, na joto linaunguza gundi ya riveti za jirani. Nimekata bamba la alumini, nikaziviringisha kona maana kona kali ndo zinaanzisha ufa, nikasugua kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, gundi, riveti, basi.

Saa 11 jioni
Praima ya kung'ata, ile rangi ya kwanza ya kushika bati, mkono mmoja mwembamba. Hii haisubiri kesho, alumini ukishaisugua inaanza kujivika ngozi upya hapohapo na rangi haikai. Rangi za kuzuia konokono zenye shaba sitaki hata kuziona, somo nimelipata.

Saa 1 usiku
Nilitamani sana kumwaga maji tena nione, lakini gundi inataka siku kadhaa ikauke, nimejizuia. Wakati nafunga nimeukuta ule ubao wa kijani umeegemezwa mlangoni, umeandikwa kwa makapeni KAZI YA KAKA, na tarehe ya leo. Nimeuacha hapohapo.