Nilivyobadilisha paipu za breki za Hilux kuukuu
Pedali ilikuwa ikizama hadi chini, na oili ya breki ikichuruzika upande wa ndani wa tairi la nyuma. Hewa ya chumvi ya Mombasa ilikuwa imeila paipu pale kwenye klipu ya chasisi, mahali tope hujificha. Nati za kufungia paipu ziligoma. Nikazilowesha dawa ya kutu usiku kucha, kisha nikazifungua kwa spana ya paipu, ile inayoikumbatia nati karibu yote, ya milimita 10. Spana ya kawaida huzila kona. Nikaweka paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Shaba tupu, hata fundi akuapie, huchoka kwa mtikisiko ikapasuka. Nati huvishwa kwenye paipu kwanza, ndipo mdomo wa paipu ukunjwe mara mbili. Upepo ulioingia kwenye paipu tukautoa kuanzia gurudumu la mbali zaidi na pampu ya breki, kijana akikanyaga pedali, mimi nikifungua nipeli, skrubu ndogo ya kutolea upepo, mpaka mapovu yakaisha. Pedali sasa ni ngumu.