Maksai Weupe

Nilishuka kituo cha Chiusi-Chianciano Terme Jumamosi moja ya Septemba 2013, begi mgongoni, brashi zangu nimezifunga kwenye kanga zisivunjike. Mwezi ule nilikuwa natimiza miaka hamsini. Wenzangu wa kazini München, Ujerumani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, walichanga wakanilipia wiki nzima ya kujifunza kuchora kwa rangi za maji katika nyumba ya shamba karibu na Montepulciano, kusini mwa Toscana, Italia. Walijua napenda kuchora. Hawakujua mapenzi hayo yalianzia wapi.

Yalianzia Oysterbay, Dar es Salaam, kwa mjomba wangu aliyekuwa akichora kwa mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeuanzisha mtindo huo, alifariki mwaka 1972, sikuwahi kumwona. Lakini nilikaa karibu na mkono wa mjomba tangu nikiwa mdogo, nikimkorogea rangi za mafuta za kopo na kumsafishia brashi kwa mafuta ya taa. Kwake ubao ulipakwa rangi ya chini kwanza, wote, mpaka pembeni, ukaachwa ukauke. Halafu chui au kanga alitoka kichwani mwa mchoraji. Ubao ukionekana mahali, hata padogo kama kucha, mjomba alisema, "Mwanangu, hapo pana njaa."

Basi fikiria nilivyojisikia siku ya kwanza mwalimu wetu, mama mmoja Mwingereza, aliposema hatutatumia rangi nyeupe hata kidogo. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukishaifunika, hairudi.

Siku tatu nilihangaika. Tulikaa saba chini ya mizeituni, Montepulciano iko juu ya kilima chake mbele yetu, mashamba yamekwisha kulimwa yako chini. Wenzangu walipaka maji mepesi, wakaacha nafasi, mwanga ukakaa humo. Mimi nilijaza. Anga nilijaza, ukuta nilijaza, njia ya vumbi nilijaza. Mwalimu akipita nyuma yangu alininong'oneza kwa upole, "Umeishibisha tena."

Kitu kimoja kilinishika tangu mwanzo: rangi zilizokuwa kwenye sahani yangu zilikuwa chini ya miguu yangu. Udongo wa Siena, wa manjano iliyoiva, una chuma ndani yake. Ukichomwa unageuka mwekundu kahawia, kama matofali yetu ya kuchoma yanavyotoka tanurini. Nilikuwa nimezoea kununua rangi dukani bila kujiuliza ilikotoka. Pale nilichukua donge la udongo shambani, nikalisugua kwenye kona ya karatasi kwa kidole. Alama ile bado ninayo.

Jumatano tulipelekwa Siena, tukaingia Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji, kuona ukuta aliochora Ambrogio Lorenzetti mwaka 1338 na 1339. Wengine walitazama mji uliochorwa pale. Mimi nilisimama upande wa mashamba: watu wanavuna, mtu anamswaga nguruwe kwenda mjini, vilima ni vilevile tulivyoviacha asubuhi. Nikajiuliza kwa nini katika michoro yetu sote saba hakukuwa na mtu hata mmoja.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa imekarabatiwa kwa heshima. Boriti za zamani zilibaki, sakafu ya vigae vya udongo ilibaki, na ngazi ya mawe ilipanda kwa nje mpaka ghorofani, kwa sababu zamani watu waliishi juu na ng'ombe chini, joto la wanyama likiwapandia wakati wa baridi. Banda la ng'ombe ndilo lilikuwa chumba chetu cha kuchorea. Hori la kulishia liko palepale, tumepanga humo chupa zetu za maji. Pete za chuma ziko ukutani.

Alhamisi mvua ilitufungia ndani. Ndipo alipokuja mzee mmoja na kikapu cha tini kwa ajili ya mpishi. Mpishi alikulia Ujerumani, kwa hiyo alinitafsiria. Mzee alizaliwa ghorofani mwa nyumba ile. Wazazi wake walilima kwa nusu: nusu ya mavuno kwa mwenye ardhi, nusu kwao. Mezzadria, walivyouita mfumo ule, na neno lenyewe limetoka kwenye nusu. Mwaka 1961, yeye ana miaka kumi na minne, baba yake alichoka, wakahamia mjini kufanya kazi kiwandani, kama walivyofanya maelfu ya wenzao. Miaka mitatu baadaye sheria ilikataza mikataba mipya ya aina ile. Nyumba ikabaki na njiwa.

Alishika pete ya pili kutoka mlangoni, hakuiachia kwa muda. Hapo, akasema, na hapo. Maksai wawili wa aina ya Chianina, weupe, wakubwa kuliko mlango. Aliyataja majina yao taratibu, kama mtu anayeita. Kisha akatazama mchoro wangu wa chumba kile na kuuliza jambo ambalo mpishi alisita kidogo kulitafsiri: "Signora, mbona hawamo?"

Nikachukua karatasi mpya. Mwalimu alikuwa ametufundisha kuchora tunachokiona, na mimi maksai wale sikuwahi kuwaona. Lakini mnyama kutoka kichwani ndiyo kazi niliyolelewa nayo. Nikauliza pembe zilielekea wapi, mgongo ulifika wapi ukutani. Mzee akaonyesha kwa kiganja. Nikachora giza la banda, hori, ukuta wa mawe kwa udongo wa Siena uliochomwa, nikawazunguka wale wawili bila kuwagusa. Walipotokea, walikuwa karatasi tupu.

Chumba kizima kilikuja kusimama nyuma yangu. Mwalimu hakusema neno, aliniwekea tu mkono begani.

Mzee aliinama karibu sana, miwani mkononi. Akagusa pua yake, akasema, "Nero." Pua zao zilikuwa nyeusi. Nikachovya brashi. Kisha ncha za mikia, nazo nyeusi. Akangoja mpaka ikauke, nikampa, akaifunika kwa koti lake mvua isiipate, akatoka nayo.